Chupa ya Tisa

Watu wa kijiji cha Xiaqiao wanasema Ji Suyun alimwuza baba yake kwa karatasi moja yenye muhuri. Waacheni waseme, midomo ni yao. Ila wengi wao hawakuwapo, na wale waliokuwapo ndio walioshika majembe siku ile, kwa hiyo hawana uso wa kumsema mtu.

Mambo yalianza Jumatatu moja ya mwezi wa saba, joto la kumtoa mtu roho, mdogo wake Hongtu alipoingia maabara bila hodi. Alikuwa amekumbatia chupa ya pombe kali, ila ndani hamkuwa na pombe. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka mapajani na macho yamemwiva.

"Dada, wamekufa," alisema. "Wote. Samaki wanaokula nyasi, wale wenye vichwa vikubwa, wote. Jumapili nimeamka wanaelea tumbo juu, bwawa zima jeupe. Nipimie haya maji."

Sheria ya maabara ile inajulikana: maji aliyochota mtu mwenyewe hayaandikwi popote. Suyun aliijua sheria hiyo kwa miaka ishirini na sita. Lakini mdogo wako akisimama mbele yako amekumbatia chupa, sheria utaisomea wapi? Aliyachuja yale maji, akayatia kwenye mrija wa kioo, akaongeza matone ya dawa ya kupimia, akatazama saa ya ukutani. Dakika kumi. Amonia ikiwa kidogo, maji huwa na njano ya chai iliyochujwa mara ya tatu. Haya hayakungoja hata dakika mbili. Yakawa kahawia, halafu tope jekundu likaanza kushuka chini ya mrija.

"Sema, Dada."

"Amonia. Nyingi mno, Hongtu. Hata nikiyazimua mara ishirini bado itaonekana."

"Amonia si ndiyo ya mkojo?"

"Inaweza kuwa mkojo, mavi, mbolea, inaweza—"

"Mkojo wa nguruwe!" Hongtu alikuwa ameshasimama. "Nilijua! Si nilijua mimi? Kikulacho ki nguoni mwako, Dada. Ni Tong!"

"Ngoja kwanza! Sijapima maji ya mfereji, sijapima ya mlangoni pa bwawa, huwezi—"

Hongtu alikuwa ameshafika ukumbini. Suyun angeweza kumkimbilia. Alikuwa na miguu, na ngazi zenyewe ni kumi na nne tu. Badala yake aligeuka akaosha mrija, kwa sababu ile dawa ina zebaki na mrija mchafu hauachwi. Kosa hilo mpaka leo hajajisamehe.

Tong Genfa alifuga nguruwe mkondo wa juu wa mfereji uleule ulioingia bwawani kwa akina Ji. Alikua na Suyun, wakaibiana matikiti, wakagombana, wakapatana. Tena kulikuwa na desturi baina ya nyumba hizo mbili. Mzee Ji Maolin, baba yake Suyun, ndiye aliyekuwa fundi wa mabwawa wa kikosi enzi zile ardhi ilipolimwa kwa pamoja, na yeye ndiye aliyeiweka: kila mwaka bwawa likivuliwa, samaki wa kwanza kutoka wavuni haendi sokoni wala haingii sufuriani kwao. Anapelekwa nyumba iliyo mkondo wa juu. "Anayekaa juu yako ndiye anayekuchungia maji," mzee alikuwa akisema. Miaka thelathini na kitu samaki huyo alikuwa wa akina Tong, na hakuna mwaka uliorukwa.

Jioni ile ile ya Jumatatu, Hongtu na wanaume saba walikwenda na majembe, wakaziba mtaro wa mabanda ya Tong kwa magunia ya udongo. "Dada yangu wa maabara kapima," aliwaambia. "Kasema ni nguruwe." Usiku mvua ikashuka, ikanyesha hadi Jumanne mchana. Uchafu ulipokosa pa kutokea ulirudi mabandani ukapanda. Kulikuwa na jike lililozaa siku nne nyuma. Vitoto kumi na kimoja vikafia humo.

Barua ya ofisi ya tarafa ilifika maabara siku hiyohiyo ya Jumanne: nendeni mkachukue maji rasmi, mkipata ni nguruwe, mabanda ya Tong yatabomolewa Ijumaa. Suyun alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake, mama mmoja mkavu wa maneno.

"Bwawa ni la mdogo wangu. Mpe mtu mwingine kazi hii."

"Nimpe nani? Lin ana mimba, haruhusiwi hata kuikaribia ile dawa. Mwenzake yuko masomoni. Pang atachota na kufunga lakiri, wewe utapima, na kila namba Pang ataisoma kabla yako. Unaogopa nini?"

Suyun hakumwambia alichokuwa akiogopa. Aliogopa kwamba alikuwa ameshajibu swali kabla ya kuulizwa.

Jumatano asubuhi wakatoka, yeye na Pang, dereva ambaye pia ni mchota maji, mtu wa maneno mengi kama redio ya kinyozi. Walianzia juu, kabla ya mabanda. Pang alizamisha chombo nusu mita, akajaza chupa, akadondosha tindikali ili maji yasigeuke njiani, akabandika namba. Chupa ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya chini ya mtaro wa Tong, na hapo ndipo Tong alipotokea, mikono mifukoni.

"Umekuja kuchukua mkojo wangu, Suyun?"

"Nimekuja kuchukua maji, Kaka Tong."

"Ahaa! Leo yamekuwa maji. Juzi yalikuwa mkojo wa nguruwe. Dada mtu kasema, kijiji kizima kimesikia."

"Sikusema hivyo. Nilisema amonia."

"Ulimwambia nani?"

Suyun aligeuza macho. Nyuma ya Tong, mkewe alikuwa amechutama penye bomba anasugua mikono kwa sabuni, anasuuza, anainusa, anaanza upya.

"Aliwatoa yeye mwenyewe," Tong alisema, akifuata macho ya Suyun. "Mmoja mmoja. Wawili walikuwa bado wanapumua. Na shimo langu la kinyesi nimelijengea saruji mwaka jana, lina mfuniko, ungekuja ungeliona. Hukuja."

"Samahani, Kaka Tong."

"Ijumaa ndiyo siku. Pima vizuri basi, mama wa maabara."

Garini Pang alitazama nyuma, kule mtaroni. Kisha akasema, akimwita kwa heshima kama kawaida yake, "Mwalimu Ji, huo mtaro umezibwa tangu Jumatatu. Maji ya mferejini yakitoka safi leo, hayamsafishi mtu."

"Najua."

"Basi tutajuaje?"

"Bwawa lenyewe litasema. Uchafu ukiingia kutoka nje, utakuwa mkali penye mlango wa maji na utapungua kadiri unavyokwenda mbali. Chota kuanzia mlangoni, halafu uzunguke."

Bwawa lilikuwa maji matupu, hamna samaki hata mmoja. Samaki walikuwa wameshafukiwa, na juu ya kaburi lao kumemwagwa chokaa. Kwenye kigoda cha mianzi, kando ya maji, alikaa Mzee Maolin, umri wake themanini na moja, kofia ya majani imemfunika nusu ya uso. Akili yake ilikuwa imeanza kumtoka miaka mitatu nyuma, kidogo kidogo. Majina ya wajukuu ndiyo yaliyotangulia. Alipomwona binti yake alimshika mkono wa blauzi kwa mikono yote miwili, akakataa kuuachia.

"Umekuja kupima maji? Siku hizi mnapima kwa vioo. Mimi nilikuwa naonja."

"Ndiyo, Baba. Ulikuwa unaonja."

"Hongtu ana samaki wazuri mwaka huu. Subiri uone." Akachomoa mfukoni yai la bata la chumvi, akamwekea kiganjani. "Kula. Umekonda."

Suyun alimkumbatia, na harufu ikampiga puani. Akamgeukia Hongtu aliyesimama nyuma yao, amekunja mikono. "Baba ananuka mkojo namna hii, na mkeo yupo?"

"Tumembadilisha asubuhi!" Hongtu aliwaka. "Tunambadilisha mara tatu kwa siku, Dada, harufu haitoki. Hata hivyo, ukiona hatufai, njoo ukae umfulie wewe. Huko mjini mna mashine."

Suyun akamnyoosha baba yake kola ya shati. Alikuwa anakuja mara mbili kwa mwezi. Huo mdomo wa kusema aliupata wapi? Pang alifika chupa ya nane, akaanza kufunga sanduku la barafu, jasho linamtiririka. "Basi, tumemaliza."

"Kona ya mashariki bado. Kule penye kibanda cha majembe."

"Mwalimu, kule ni majani matupu, tena nyoka—"

"Chota, Pang. Ya tisa."

Walipima alasiri ile ile. Mirija tisa kwenye kishikio cha mbao, na wa kumi wa maji safi ya kulinganishia. Ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote za mferejini, kama hakuna kitu. Ya nne, ya mlangoni pa bwawa, njano. Ya tano, njano zaidi. Ya sita, ya saba, ya nane, kila moja imeizidi iliyotangulia, na ya tisa ikageuka kahawia mbele ya macho yao, ikatoa tope. Pang alisoma namba za mashine kwa sauti, moja baada ya moja, na sauti yake ikawa inapungua.

"Haikutoka nje," alisema. "Mwalimu, imeanzia kwenye kona. Kuna mtu ametia kitu humo. Mdogo wako ana maadui?"

Suyun alipandisha mkono afute jasho la uso, na mkono wa blauzi ukapita puani. Ilikuwa blauzi ile ile aliyoishika baba yake. Macho yakamchoma, machozi yakamtoka. Akaunusa tena ule mkono, taratibu. Mkojo hautoi machozi namna hiyo. Hii ilikuwa kali, kavu, inaingia kichwani kama sindano. Ni ile mbolea nyeupe ya zamani ya kwenye magunia, ambayo ukiifungua lazima ugeuze uso. Miaka ishirini na sita anapima amonia, na alipoikuta kwenye nguo za baba yake mzazi aliiita mkojo.

"Hana maadui," alisema. Akaenda kuketi ngazini.

Alhamisi alipanda pikipiki yake ya umeme kabla jua halijatoka, akafika Xiaqiao kunapambazuka. Hakuingia nyumbani. Alizunguka na tuta hadi kona ya mashariki, na hapo akamwona. Mzee Maolin alikuwa amesimama mbele ya kibanda, beseni la bati lenye maua mekundu limeegemea nyonga yake, gunia jeupe liko miguuni. Alikuwa anachota unga uliokorogwa na maji, anautupa kwa upinde mpana, kwa mzunguko mmoja laini wa kiganja, unaanguka sawasawa juu ya maji. Kazi safi kabisa. Kijijini hapo hakuna mwingine aliyeweza kutupa hivyo.

"Baba. Unafanya nini?"

"Shii! Usimwamshe Hongtu, kachoka mwanangu yule." Uso wa mzee uling'aa kwa furaha. "Nalisha maji. Mtoto alitia chokaa bwawani wiki iliyopita. Chokaa inasafisha, sawa, lakini inayaacha maji na njaa. Nayalisha kidogo kidogo, kila asubuhi. Utaona samaki watakavyonenepa."

Suyun alilitazama gunia. Zamani mbolea hiyo ilikuwa chakula cha bwawa kweli. Maji yalikuwa kijani, na samaki wakala ukijani huo. Lakini ukiitupa juu ya chokaa mbichi inageuka sumu. Na nani alikuwa analijua hilo kuliko Ji Maolin? Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wa kikosi, tena kwa bakora: chokaa na mbolea visikutane ndani ya siku kumi. Fundi yule alikuwa ameshaondoka. Ilibaki mikono yake tu, nayo ilikuwa inakumbuka kutupa.

"Dada?" Hongtu alikuwa nyuma yao, amevaa kaptura, usingizi haujamtoka. Akaliona gunia. Akaliona beseni. Alimshika Suyun mkono akamvuta pembeni.

"Umeshaandika?"

"Namba zipo. Pang amezisoma. Maelezo naandika leo."

"Andika nguruwe."

"Hongtu!"

"Andika nguruwe, Dada, nakuomba, nakupigia magoti. Tong ana mwanawe mjini Suzhou, atakwenda atakula kwake. Sisi tutakwenda wapi? Unataka kijiji kimwonyeshe Baba kidole? Fundi Maolin kaua bwawa lake mwenyewe, unataka aimbwe hivyo? Damu ni nzito kuliko maji."

"Na vile vitoto kumi na kimoja vya Tong, mwilini vilikuwa na nini? Maji?"

"Ni nguruwe wale!"

"Vilikufa kwa ulimi wangu na majembe yako. Siandiki uongo juu yake. Siandiki!"

Hongtu akamwachia. Alitafuta mahali pa kuitua hasira yake, na hasira hasara, akaitua pasipostahili. Akamgeukia mzee.

"Ni wewe!" alipiga kelele, sauti ikapasuka. "Ni wewe uliyewaua! Wote! Ni wewe!"

"Nani kaua?" Maolin aliuliza. Akatazama maji, kwa muda mrefu. Kisha akainama, akachovya kidole, akakitia mdomoni kama alivyofanya maelfu ya mara ujanani. Akatema. Mgongo wake ulinyooka, na sauti iliyotoka haikuwa ya yule mzee wa kigoda. Ilikuwa ya fundi wa kikosi, na Suyun hakuwa ameisikia tangu alipokuwa msichana.

"Mjinga gani ametia mbolea juu ya chokaa?"

Mzee aliwatazama wanawe mmoja mmoja, akingoja jina. Halafu akashusha macho akaliona beseni mikononi mwake.

Alikaa chini pale pale kwenye majani mabichi. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka tu, na alikuwa akiifuta mikono yake kifuani, anaifuta, anaifuta. "Nipelekeni kwa Tong," alisema. "Nikamwombe radhi mwenyewe. Nileteeni viatu." Hongtu, ambaye sasa naye alikuwa analia kama mtoto, alikimbia kuvileta, akapiga magoti kumvalisha. Walipofika barabarani mzee alisimama, akavitazama viatu vyake kwa mshangao.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza.

Basi walirudi nyumbani.

Mchana Suyun alitia sahihi. Karatasi ilibandikwa ubaoni mbele ya ofisi ya kijiji: chanzo kiko ndani ya bwawa, kona ya mashariki, mbolea ya amonia juu ya chokaa, maji ya mfereji hayahusiki. Jina la mtu halikuandikwa, lakini gunia hilo lilikuwa na mwenyewe na watu si wajinga. Kabla ya jioni maneno ya "kamwuza baba" yalikuwa yameshaanza. Wale waliokwenda na majembe ndio waliokuwa wa kwanza kuyasema.

Ijumaa mabanda hayakubomolewa. Hongtu alikwenda peke yake mchana kweupe, akaingia mtaroni mpaka kiunoni, akayatoa yale magunia ya udongo moja moja mpaka la mwisho. Tong alisimama juu akimwangalia, hakumsaidia, hakumfukuza. Suyun alipomfuata baadaye mlangoni, Tong alimjibu bila kufungua mlango wote.

"Karatasi yako imenisafisha, nashukuru. Lakini mke wangu bado ananawa mikono. Hilo mna dawa yake huko maabara?"

Suyun alilala Xiaqiao siku hiyo. Jumamosi asubuhi alizifua nguo zote za baba yake, maji matatu, akazianika. Bado alikuwa anaisikia ile harufu, ingawa pengine ilikuwa puani mwake tu. Kibanda cha majembe kilikuwa kimefungwa kufuli. Wakakaa mezani, uji wa mchele, mboga za chumvi, yai la bata lililokatwa vipande vinne. Mzee alikuwa na uso mkunjufu. Alitazama dirishani, kule kwenye bwawa.

"Mbona maji yametulia hivi? Samaki wako wapi?"

Suyun akatua vijiti vyake vya kulia. Hongtu alikuwa ameinamia bakuli. Alimeza, akainua uso, na akatabasamu. Haki ya nani, Suyun hajawahi kuona mtu akitabasamu kwa shida namna ile.

"Tumevua, Baba. Tumeuza wote."

"Walikuwa wazito?"

"Wazito sana."

"Si nilikwambia?" Mzee alipiga meza kwa furaha. "Maji yakilishwa, samaki hawana budi kunenepa. Nilikulishia mimi, wewe umelala! Na Tong? Umempelekea wake wa kwanza?"

"Nimempelekea."

"Alisema nini?"

Hongtu aliweka bakuli chini. Alimtazama dada yake. Suyun, ambaye Alhamisi alikuwa amekataa kuandika uongo wa neno moja, alimshika baba yake mkono, akaubana.

"Kakushukuru, Baba," alisema. "Kasema tangu mlipoanza, huyu ndiye mzito kuliko wote."

Mzee akacheka, akasukuma bakuli mbele, akaomba aongezewe uji.